Nani Anaumwa Mkono Katika Nyumba Hii

Consuelo, San Pedro de Macorís
6 Aprili 1997

Mwanangu Amauris,

Mungu akubariki na Bikira wa Altagracia akufunike. Sisi hapa wazima, isipokuwa dada yako Yaneris, mimba inamtapisha kila asubuhi, na mumewe anatapika naye, sijui nani kamwambia ni kazi ya watu wawili. Doña Chea wa jirani anakusalimu. Kuku wake bado wanaingia jikoni kwangu bila hodi. Kiwanda kinasaga miwa mchana na usiku, na nguo zangu kambani zinaingia masizi kabla hazijakauka.

Barua hii nimeianza Alhamisi na leo ni Jumapili, kwa hiyo soma polepole, nami nimeandika polepole.

Redio imetaja vijana wetu wa besiboli waliobaki timu kubwa huko Marekani. Nilikaa na sufuria ya wali mapajani mpaka jina la mwisho. Lako halikuwepo. Yaneris akasema labda umeme ulikatika jina likapita. Nikamwambia umeme haukukatika. Wewe si uliniambia kuwa mazoezi yote ya Machi hakuna aliyeweza kuupiga mpira wako? Kocha si alikushika bega akasema uko tayari? Sasa wamekurudishaje chini?

Na jambo jingine. Februari, kabla hujaondoka, ulikuwa unainua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Wiki nzima. Mimi ndiye niliyekufundisha kushika kikombe, najua unakishikia mkono gani. Nijibu hilo.

Mama yako,
Eduvigis


Wexford Falls, Ohio
24 Aprili 1997

Mama, baraka yako.

Mimi mzima. Huku ni Aprili na jana imeanguka theluji, mechi ikaahirishwa. Ninakula vizuri. Chumbani nakaa na Tavo Urdaneta, mrushaji kutoka Maracaibo. Ana miaka thelathini na minne, amepandishwa timu kubwa na kushushwa mara nyingi mpaka amechoka kuhesabu, na anapika kuliko mke wa mtu. Mwambie Yaneris anywe tangawizi. Mumewe mwambie aache maigizo.

Usifikiri sikufaa, Mama. Nitakueleza kama Tavo alivyonieleza. Mchezaji akitimiza misimu sita timu kubwa, anakuwa huru, anakwenda klabu yoyote anayotaka. Lakini msimu unahesabiwa kwa siku. Wakinibakiza huku chini, timu ndogo, wiki tatu tu za mwanzo, msimu wangu unakuwa na pengo, hautimii, na wao wanakuwa nami mwaka wa saba. Kwa hiyo kocha alinishika bega kweli. Halafu ofisini wakaniambia bado sijui vizuri kurusha mpira wa polepole, nishuke nikajifunze. Tavo alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana mdogo," akaniambia, "wiki tatu zikiisha utashangaa jinsi ulivyojifunza haraka."

Wiki tatu zimeisha Jumatatu. Bado nipo hapa. Sasa wanasema labda Juni, kuna hesabu nyingine ya mishahara. Usiwe na wasiwasi. Ninarusha vizuri.

Mwanao,
Amauris


Consuelo
11 Mei 1997

Mwanangu,

Mungu akubariki. Yaneris amekunywa tangawizi, imemsaidia. Mumewe amekunywa pia. Doña Chea amefiwa na jogoo, tumempa pole.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, halafu nikamwambia Yaneris anisomee, nikidhani nimeruka mstari. Sikuruka. Kikombe hukukitaja.

Hayo ya siku nimeyaelewa bila shida. Baba yako, Mungu amrehemu, alikata miwa miaka mingi, na mpima mizani wa kiwandani alikuwa na mtindo wake. Gari la ng'ombe likifika jioni anasema mizani imefungwa, rudini kesho. Usiku kucha muwa unakauka, asubuhi uzito umepungua. Hakuna aliyeiba kitu. Ni kusubirishwa tu. Basi mimi nataka kujua: hao wanavyokusubirisha, wewe unakauka wapi?

Kwenye bomba la maji Chea ameniuliza mbele ya watu, "Wako amepanda?"

"Bado."

"Mh. Wa Fefa amepanda."

"Wa Fefa ni mdakaji. Wadakaji wana uhaba."

Ndivyo nilivyomjibu, wala sijui kama ni kweli. Nijibu la kikombe.

Mama yako


Wexford Falls
2 Juni 1997

Mama, baraka yako. Nimefurahi kusikia wote wazima, ukiondoa jogoo.

Ni kiwiko. Upande wa ndani. Kilianza Januari nilipokuwa nachezea ligi ya nyumbani, nikasema kitapoa. Nikishapata joto sikisikii. Nikishaanza kuchoka, kila mpira ninaouzungusha ni kama mtu ananivuta waya wa moto kutoka kiwikoni mpaka kidole kidogo. Lakini bado ninawatoa watu, Mama. Hakuna aliyegundua ila Tavo, alinikuta bafuni nimetumbukiza mkono kwenye ndoo ya barafu.

Hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa beseni la kuogea akaniambia: "Nisikilize. Ukivunjika huku chini, wewe ni mgonjwa wa mshahara mdogo na siku zako hazihesabiwi popote. Ukivunjika kule juu, hata ukilala na bendeji unatazama televisheni, kila siku inahesabiwa na mshahara wa juu unaingia. Kama ni lazima uvunjike, vunjikia juu."

Ndiyo hali ilivyo. Daktari wa klabu hajui. Akijua, hawatanipandisha, na hakuna klabu nyingine itakayonitaka. Usiliseme kwenye simu, kibanda cha kituo cha simu cha Consuelo hakina hata mlango. Usimwambie mtu. Yaneris pia usimwambie, atamwambia mumewe, na mumewe ataumwa kiwiko.

Amauris


Consuelo
22 Juni 1997

Mungu akubariki, Amauris wangu.

Sijamwambia mtu. Yaneris ameuliza mbona sili, nimesema joto.

Nimekwenda Higüey. Nimemwambia Chea nakwenda kumshukuru Bikira kwa ajili ya mimba ya Yaneris, na nimemshukuru kweli ili isiwe uongo. Nje ya kanisa kuna yule mama anayeuza viungo vya bati vya nadhiri, kila mtu anunue kinachomuuma amtundikie Bikira.

"Karibu mama. Jicho, mguu, moyo, titi?"

"Mkono."

"Wa kulia, wa kushoto?"

"Wa kulia."

"Wa mwanamume au wa mwanamke?"

"Kuna tofauti?"

"Bei moja. Naulizia tu, mtu asije akalalamika baadaye."

Nimenunua miwili. Mmoja nimemwachia Bikira kule. Wa pili nimeutundika kwa utepe wa buluu chini ya picha yake sebuleni, maana Higüey kuna maelfu ya mikono na mimi ninaogopa wako utapotea katikati ya mingine. Hakuna atakayeuliza, kila nyumba ina lake pale ukutani.

Sasa sikia. Huyo Tavo anakupenda, nimeona. Lakini anazungumza kama mtu ambaye kila siku analala na virago mlangoni. Mimi sijui siku zinahesabiwaje. Najua mkono ukikatika ndani, haurudi na mshahara. Mwambie daktari. Kesho. Usingoje kupanda.

Mama yako asiyelala


Wexford Falls
9 Julai 1997

Mama, baraka yako.

Juni imepita, sikupanda. Usinijibu neno kuhusu hilo, nisikilize kwanza.

Klabu yangu inatafuta mpigaji mkongwe wa kumalizia msimu. Klabu moja ya pwani ya magharibi inaye, na wako tayari kumtoa wakipewa mimi. Mimi peke yangu, Mama, kwa mtu ambaye picha yake ipo kwenye maboksi ya nafaka! Huko kwao mrushaji wao ameumia. Nikifika napanda siku hiyo hiyo. Wanatakiwa wamalizane kabla Julai haijaisha.

Kabla ya kuamua wanamtuma mtu nyumbani kuangalia nimetoka wapi, tabia, afya. Akija mpikie. Mwambie sijawahi kuumwa hata jino. Hiyo tu ndiyo ninayokuomba mwaka huu.

Amauris


Consuelo
21 Julai 1997

Mwanangu Amauris,

Mungu akubariki. Yaneris hatapiki tena, sasa anakula barafu siku nzima, umeme ukikatika analia.

Mtu wako alikuja Alhamisi. Barua yako ya kusema atakuja imefika Ijumaa. Kwa hiyo nilimpokea sijui lolote.

Ni don Rafelín Mota, yule msaka vipaji mwenye kofia nyeupe anayekaa nyuma ya wavu vijana wakijaribiwa. Sikujua kwamba siku hizi anafanyia kazi hao wa pwani. Alipiga hodi nikamkaribisha, nikampa kile kiti chenye mito, kile kinachotazama ukuta wa Bikira. Ndicho kiti cha mgeni, ningempa kipi?

Nikamletea kahawa na yaniqueque za unga nilizokaanga, zikiwa bado zinalia mafuta. Akala nne. Akauliza unalala saa ngapi, unakunywa kiasi gani, kama kuna mwanamke anayekusumbua. Nikamwambia yupo mmoja tu na ndiye anayekumiminia kahawa. Alicheka mpaka ikampalia.

"Doña Eduvigis," akasema, "huyu kijana ni dhahabu. Wiki hii nikipeleka neno langu, mwisho wa mwezi anarusha mbele ya watu elfu arobaini."

Nikasema amina. Nilimwona mpaka baba yako akikaa pale kwenye kochi, anasikiliza.

Don Rafelín akasimama kuondoka, akavua kofia, akapiga ishara ya msalaba mbele ya Bikira kama mtu aliyelelewa vizuri. Halafu hakugeuka. Nilisikia kuku wa Chea wakikwaruza nje. Akauliza akiwa bado amenipa mgongo:

"Doña, nani anaumwa mkono katika nyumba hii?"

Mmarekani angepita pale mara mia akaona pambo. Huyu amezaliwa Hato Mayor. Ukutani kwa mama yake kumetundikwa miguu na macho ya ukoo mzima.

"Mimi," nikasema.

"Pole sana. Upi?"

Nikainua wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na birika.

"Huu hapa ni wa kulia, Doña."

"Walikuwa wameishiwa wa kushoto."

Akanitazama. Nami nikamtazama.

"Ni kufua," nikasema. "Nimefua sana maishani."

"Kufua kunaua," akasema, akavaa kofia yake. Mlangoni alinishukuru, akaomba yaniqueque mbili za njiani.

Sasa nimesema uongo mbele Yake, uso kwa uso, na umefanya kazi. Utapanda. Na huko juu wataukamua mkono huo mpaka tone la mwisho, kwa sababu mimi nimesema ni mzima. Tangu Alhamisi nikifumba macho naona waya wa moto.

Niambie kweli: ukiwa peke yako, unaweza kuunyoosha mpaka mwisho? Usinijibu kama unavyowajibu watu wa magazeti. Najua jibu litachukua wiki mbili na mwezi unaisha. Lakini nimuulize nani mwingine?

Mama yako


Wexford Falls
4 Agosti 1997

Mama, baraka yako.

Barua yako imefika Jumamosi, mambo yameshakwisha. Nimeisoma nikacheka hadi machozi, halafu yakabaki machozi tu. Walikuwa wameishiwa wa kushoto! Mama, wewe ni simba. Sitasahau maisha yangu yote ulivyosimama na birika ukanitetea.

Imeharibika. Jumatano meneja aliniita ofisini, nikadhani ndiyo siku yenyewe, nikavaa shati safi. Akasema, "Livue." Daktari alikuwa nyuma ya mlango. Wamenipiga picha, mshipa wa kiwikoni umechanika. Watanipasua, halafu mwaka mzima bila kurusha. Wale wa pwani wamejitoa siku hiyo hiyo na kumchukua kijana wa klabu nyingine. Na kwa sababu nimeumia nikiwa huku chini, hakuna siku yangu hata moja inayohesabiwa.

Kuna mtu amewaambia. Meneja hakutaka kusema nani, ila alijua hadi upande wa kiwiko. Tuliojua ni watatu. Mimi sikusema. Wewe ulidanganya mbele ya Bikira kwa ajili yangu. Basi amebaki Tavo.

Nimevitupa viatu vyake nje kwenye mvua. Nimemwita mzee mwenye wivu, mbele ya timu nzima, nimemwambia hakuna atakayemkumbuka. Aliokota viatu akaenda kulala kwa mtunza uwanja. Mtu aliyekuwa ananipikia, Mama. Sina hamu ya kuandika zaidi.

Amauris


Consuelo
17 Agosti 1997

Amauris,

Mungu akubariki. Salamu zitakuja mwisho.

Mrudishie Tavo nafasi yake chumbani, na umwombe radhi mbele ya wale wale uliomtukania. Si yeye. Ni mimi.

Umehesabu watatu ukaniondoa mimi kwanza. Niliposoma pale nilitamani niiachie hivyo hivyo. Nitakwambia kweli, nilitamani siku mbili. Huyo Tavo simjui, yuko mbali, na mimi ningebaki simba. Siku ya tatu nikaona viatu vile kwenye mvua nikachukua kalamu.

Jumatatu ile, Julai ikiwa inaisha, nilikwenda uwanjani kwa miguu. Don Rafelín alikuwa nyuma ya wavu na vijana wake. Nikasimama mpaka akaniona.

"Doña! Umeniletea yaniqueque?"

"Ule mkono si wangu," nikamwambia.

Akafunga macho. Akakaa hivyo kama anaumwa na jua. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mbona hukuniacha tu, Doña? Mimi nilishaamua kuamini kwamba ni wako. Nimeshapeleka neno."

"Lirudishe."

"Unajua unamfanyia nini mwanao?"

"Najua. Na wewe unajua ulikuwa unamfanyia nini."

Akakasirika. Akasema mimi sielewi biashara hii, kwamba akina mama wengine wangenipiga mawe, kwamba na yeye ana watoto na hicho ndicho chakula chao. Nikamsikiliza mpaka akamaliza. Nikamwambia kiwiko, upande wa ndani, kinashuka mpaka kidole kidogo. Akageuka akaenda kwenye gari lake. Hakuniaga.

Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Sikuombi msamaha kwa hilo. Ningekwenda tena kesho. Ninakuomba msamaha kwa ajili ya Tavo, maana ningeandika siku ile ile, na niliogopa. Nichukie kadiri utakavyo. Lakini mtu wa watu usimwache na aibu yangu.

Yaneris anakusalimu. Mtoto anampiga mateke.

Mama yako


Consuelo
7 Septemba 1997

Mungu akubariki, mwanangu.

Sijapata barua yako. Labda posta.

Jana nilikwenda kituo cha simu. Chea alikuwa nyuma yangu kwenye foleni na masikio yake yote, lakini sikujali. Kijana wa huko kwenu akapokea, akaenda kukuita, akarudi akasema hupo. Nyuma yake nikasikia televisheni, na mtu anakohoa. Kikohozi chako nakijua tangu una miezi mitatu.

Sikulazimishi kuzungumza nami. Mwambie mtu yeyote aniandikie siku watakayokupasua, ili niijue. Siku tu. Hata bila salamu.

Mama yako


Wexford Falls
20 Septemba 1997

Mama, baraka yako.

Ninaandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinaanguka. Wamenipasua tarehe kumi na moja. Mkono umefungwa kwenye ubao, umekunjwa kama natafuta ugomvi.

Tavo nilimwomba radhi chumba cha kubadilishia nguo, wote wakiwepo. Alinifanya nirudie kwa sauti zaidi, mbwa yule, halafu akanipikia. Amesema nikuambie kwamba kama angekuwa na mama wa namna yako asingekuwa huku akiwa na miaka thelathini na minne. Sikumuuliza kama ni sifa au ni tusi.

Daktari aliniambia jambo alipokuwa amekwisha kuona mkono ndani. Sikuandikii, utajivuna.

Msimu umekwisha, wote wamekwenda kwao. Tavo aliondoka jana, na ndiye aliyekuwa akinifunga vifungo. Leo nimevaa fulana iliyogeuzwa ndani nje, na nyama nimeila kwa meno kama Mungu alivyoniumba. Klabu imenipa wiki nne za kukaa nyumbani kabla ya mazoezi ya mkono.

Nafika Alhamisi, tarehe tisa Oktoba, ndege ya mchana. Usimlete Chea uwanja wa ndege. Bado nimekasirika, Mama, na sijui nitakasirika mpaka lini. Nataka ulijue hilo kabla hujaanza kupika.

Amauris